Kosa la Kompyuta Huacha Nyayo: Tuzisome, Tusizifute

Kila askari aliyewahi kushika zamu katika kituo cha polisi anakijua kitabu cha matukio. Mwananchi akija usiku wa manane kueleza kwamba ameibiwa, askari wa zamu haandiki tu kwamba pametokea wizi na kukifunga kitabu. Huandika saa, mahali, jina la aliyeleta habari, mali iliyopotea na njia aliyoonekana akipita mtuhumiwa. Kesho yake mpelelezi hukifungua kitabu hicho, na kutokana na maneno hayo huanza kazi yake. Kitabu kikiwa na maneno mawili matatu tu, mpelelezi hana pa kuanzia.

Tumekitaja kitabu hicho kwa sababu leo tumekusudia kuzungumza juu ya taarifa nyingine ya namna hiyo, ambayo huandikwa na mashine. Kompyuta siku hizi imeingia katika ofisi za makarani, ghalani na hata mapokezi. Programu ikikwama, mara nyingi hutoa kwenye kioo mistari kumi, ishirini au zaidi ya maneno ambayo mtumiaji huyaona kama makelele matupu. Wengi huharakisha kuyafuta kwa aibu, kana kwamba wao ndio waliovunja mashine. Yafaa ieleweke kwamba maneno hayo si makelele. Hizo ni nyayo za kosa, na mwenye kuzifuta anaharibu ushahidi.

AMRI JUU YA AMRI

Programu ya kompyuta hugawanywa vifungu vingi, na kila kifungu kina jina lake na kazi yake. Kifungu kikubwa hukiamuru kidogo, nacho kidogo hukiamuru kingine, kama vile amri inavyoshuka kutoka makao makuu hadi kwa kamanda wa kikosi, kisha kwa sajini, kisha kwa askari. Kila kifungu kilichotoa amri husimama kikingoja jibu. Kompyuta nayo huweka kumbukumbu ya vifungu vyote vinavyongoja, ikivipanga kimoja juu ya kingine kama sahani zilizorundikwa jikoni: iliyowekwa mwisho ndiyo huondolewa kwanza. Kosa likitokea, rundo hilo huandikwa lote mstari kwa mstari, na hapo ndipo zinapopatikana nyayo tunazozisema.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa ghala ana programu ya kugawa unga wa mwezi kwa vikosi vitatu. Amekwisha kupata hesabu ya kikosi cha kwanza na cha pili, lakini kwenye cha tatu programu inasimama ghafla. Kama imeandikwa kwa lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, maneno yatakayotokea, yakigeuzwa kwa Kiswahili, husomeka hivi:

Nyayo za kosa (wito wa karibuni uko mwisho):
Faili posho, mstari wa 40, katika andaa_mwezi
Faili posho, mstari wa 22, katika unga_wa_kikosi
Faili hesabu, mstari wa 9, katika gawa
Kosa: kugawa kwa sifuri

Tazama jinsi mistari hii mitano inavyoeleza mambo mengi. Mstari wa mwisho unataja kosa lenyewe: mashine imeambiwa igawe unga kwa watu sifuri, jambo lisilowezekana katika hesabu. Mstari ulio juu yake unaonyesha mahali kosa lilipotokea. Mistari mingine inaonyesha njia, yaani nani alimwamuru nani.

Hapa pana fundisho ambalo mpelelezi yeyote atalikubali. Mahali maiti ilipookotwa si lazima pawe ndipo mauaji yalipotendeka. Kifungu kiitwacho gawa hakina hatia, maana kazi yake ni kugawa namba kinazopewa. Mwenye kutafuta ukweli hupanda juu hatua moja, akafungua mstari wa 22, akakuta kwamba orodha ya askari wa kikosi cha tatu haikufika, na kwa hiyo idadi yao ilibaki sifuri. Pasipo nyayo, fundi angeshinda siku nzima akikagua kifungu cha kugawa ambacho hakina ubaya wowote.

KILA LUGHA NA DESTURI YAKE

Msomaji na asidhani kwamba lugha zote za kompyuta huzipanga nyayo kwa utaratibu mmoja. Python huanza na amri ya kwanza kabisa na kumalizia na kosa, kwa hiyo mzoefu huanza kusoma chini. Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, hufanya kinyume chake. Huandika jina la kosa juu kabisa, kisha mahali lilipotokea, halafu hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi amri ya kwanza. Mwenye kuzoea lugha moja akiisoma nyingine bila uangalifu atamshika asiyehusika.

Aidha, kosa moja huweza kuzaa jingine. Orodha isipofunguka, kifungu kinachoisoma hulalamika. Kilichokiamuru hulalamika kwa maneno yake chenyewe. Na karani mwishowe huletewa habari kwamba posho haikuandaliwa. Zamani lile lalamiko la mwisho aghalabu ndilo peke yake lililoonekana, na chanzo kikazikwa. Mwaka 2002, toleo la Java la 1.4 liliweka utaratibu wa kuunganisha makosa, hata kila moja likaonyesha lililolisababisha. Nyayo za namna hiyo huwa na sehemu kadhaa, kila moja ikitanguliwa na maneno yenye maana ya "imesababishwa na", na ile ya mwisho kabisa ndiyo chanzo. Python nayo ilipata utaratibu kama huo katika toleo la 3.0 mwaka 2008. Tena toleo lake la 3.11 la mwaka 2022 lilizidisha usahihi: chini ya mstari wenye kosa huchora alama zinazoonyesha ni sehemu gani hasa ya mstari huo iliyokosea.

KUANDIKA NI MOJA, KUPELEKA NI PILI

Taarifa ya kosa ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuiandika ikiwa na mpango mzuri; ya pili ni kuipeleka inakostahili. Katika Python pana kifungu kimoja ambacho huandaa nyayo na kumkabidhi mtunga programu kama maandishi, naye ataamua kama ataziweka katika daftari la kumbukumbu au atazipeleka kwa fundi. Pana kingine ambacho huzichapisha papo hapo. Hizi ni kazi mbili tofauti, kama vile kuandika ripoti kulivyo tofauti na kuifikisha kwa mkubwa.

Umuhimu wa tofauti hiyo ulionekana mapema, katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya Bell huko Marekani, mahali ulipozaliwa mfumo wa Unix. Wataalamu wa huko walikuwa na mashine ya kupanga herufi kwa njia ya picha. Kazi ikiisha, karatasi ilibidi ipitishwe katika mashine nyingine yenye dawa zinazonuka, na mtu angoje dakika kadhaa ndipo maandishi yaonekane. Mmoja wao, Stephen Johnson, ameeleza kwamba alasiri moja wenzake kadhaa walipatwa na mkasa ule ule: walingoja, karatasi ikatoka, na juu yake mlikuwa na mstari mmoja tu, uliopangwa kwa herufi nzuri sana, usemao kwamba faili fulani haikufunguka. Taarifa ya kosa ilikuwa imepita njia moja na kazi yenyewe, hata ikachapishwa kana kwamba ndiyo kitabu. Manung'uniko yalikuwa makubwa, na baada ya siku chache uliundwa mkondo wa pili, wa makosa peke yake. Mkondo huo ungali upo katika mifumo mingi ya leo, na nyayo za Python na za Java, zisipoelekezwa kwingine, hupitia humo.

ROKETI ILIYOSOMA RIPOTI KAMA AMRI

Katika maabara ile hasara ilikuwa karatasi. Kule Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996, hasara ilikuwa roketi nzima.

Siku hiyo roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza, ikiwa imebeba setilaiti nne za uchunguzi ziitwazo Cluster. Ndani yake mlikuwa na vyombo viwili vya kupima mwelekeo, kimoja kikifanya kazi na kingine kikiwa akiba. Programu yao ilitokana na ile ya Ariane 4, na sehemu moja ya programu hiyo ilikuwa na faida kabla ya kuruka tu, lakini iliachwa iendelee kufanya kazi kwa sekunde zipatazo 40 hewani. Sehemu hiyo ilijaribu kuigeuza namba ya biti 64 iwe namba ya biti 16. Njia ya Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda kando kuliko ya Ariane 4, kwa hiyo namba ilikuwa kubwa mno, haikuenea, na kosa likatokea. Katika namba saba za hatari, nne zilikuwa zimewekewa kinga. Hii haikuwa mojawapo.

Chombo cha akiba kilizimika kwanza. Kitambo kidogo kisichofika sehemu ya kumi ya sekunde, chombo kikuu nacho kikazimika kwa sababu ile ile, maana vyote viwili vilikuwa na programu moja. Lakini kabla ya kunyamaza, chombo kikuu kilitoa ripoti ya kosa, na ripoti ile ikapita katika njia ile ile iliyokuwa ikipitisha vipimo vya safari. Kompyuta kuu ya roketi haikujua kwamba ile ni ripoti. Iliisoma kama vipimo vya kweli, ikadhani kwamba roketi imepotoka, ikaamuru midomo ya injini igeuke hadi mwisho. Roketi ikapinda kwa ghafla, ikaanza kuvunjika kwa nguvu ya hewa, na mfumo wake wa kujiangamiza ukailipua kwenye kimo cha mita zipatazo 3,700.

Hata hivyo mkasa huo una upande wa pili. Tume ya uchunguzi, chini ya uenyekiti wa mwanahesabu Jacques-Louis Lions, ilitoa ripoti yake Julai mwaka huo huo. Vyombo vyote viwili viliokotwa katika mabaki, na wataalamu wakasoma kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani yake. Humo walikuta hali ya kosa kama ilivyokuwa wakati lilipotokea, na kwa hiyo chanzo kikajulikana kwa hakika, si kwa kubahatisha. Taarifa ile ile iliyoleta maangamizi ilipopita njia isiyo yake, ilileta ukweli iliposomwa na wale waliostahili kuisoma.

MFICHA MARADHI

Pana watunga programu ambao, kwa kuchukia mistari mingi ya makosa, huandika amri ya kuyameza: kosa likitokea, programu inyamaze na kuendelea. Turudi kwenye ghala letu. Programu iliyomeza kosa la kugawa kwa sifuri ingeandika kwamba kikosi cha tatu kinastahili kilo sifuri, ikaendelea kwa utulivu hadi mwisho. Karani angetia sahihi, lori lingeondoka, na kosa lingejulikana siku ile askari watakapokosa chakula, mbali na ghala na mbali na fundi. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Programu iliyosimama na kusema kosa lake ni bora mara nyingi kuliko ile iliyoendelea kwa uongo.

Lakini kutoficha si kutangaza ovyo. Nyayo za kosa hutaja majina ya mafaili, mpangilio wa programu, na pengine aina na toleo la vyombo vinavyotumika. Zikionyeshwa kwa mgeni aliye nje, huweza kumwelekeza adui mahali pa kupenya. Askari hahitaji kufundishwa jambo hili. Ramani ya kambi haibandikwi sokoni. Utaratibu mwema ni kwamba mtu wa nje aelezwe kwa maneno machache kwamba kazi imeshindikana, apewe namba ya kumbukumbu, na nyayo zote kamili zihifadhiwe ndani, katika daftari ambalo fundi mwenye dhamana peke yake hulifungua.

Kwa hiyo, ndugu askari, siku mashine itakapokukwamia kazini, usiifunge kwa hasira wala usimwambie fundi kwamba "imekataa" tu. Nakili maneno yote kama yalivyo, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuchagua. Andika saa, na ulikuwa ukifanya nini. Kisha uyafikishe kwa mwenye kazi hiyo, si kwa mpita njia. Nanyi vijana wa vikosini mnaojifunza kutunga programu, zipeni programu zenu uwezo wa kusema ukweli zinapokosea: zitaje mahali, zitaje njia, zitaje chanzo, na ziseme kwa mtu anayestahili kusikia. Hiyo ndiyo ripoti ambayo kila mkuu wa zamu angependa kuikuta kwenye kitabu chake asubuhi.