Je, Wajua? Mikono Iliyofukuzwa Darasani

Je, wajua kwamba Septemba 1880, mjini Milan, Italia, walimu wa viziwi walipiga kura 160 kwa 4 kuwa kusema kutangulizwe mbele ya lugha ya alama katika kumfundisha mtoto kiziwi? Kati ya wajumbe 164, kiziwi alikuwa mmoja tu: James Denison wa Marekani. Kesi ya viziwi ikaamuliwa na wenye masikio.

Kilichofuata? Walimu viziwi wakapoteza kazi katika shule nyingi za Ulaya na Marekani. Mwanafunzi aliyekamatwa akiongea kwa mikono alichapwa, au akaamriwa aikalie. Bwenini, mwalimu akishatoka, watoto walifundishana alama kama kawaida.

Je, wajua kwamba Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuwa mpinzani mkubwa wa alama shuleni, ilhali mama yake na mkewe wote walikuwa viziwi?

Bila alama, kilichobaki ni kusoma midomo. Hebu jaribu hili. Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Umeona tofauti? Haipo. Midomo hufanya kitu kilekile. Sauti za k na g ndizo mbaya zaidi, kwani hutengenezwa huko nyuma ya kinywa na hazionekani kabisa. Ndiyo maana anayesoma midomo hubahatisha sehemu kubwa ya anachoambiwa, na anayebahatisha vizuri ni yule ambaye tayari ana lugha kichwani na anajua sentensi inaelekea wapi. Mtoto asiye na lugha yoyote atabahatisha kwa kutumia nini? Na mwalimu akigeukia ubao, hata hiyo bahati imekwisha.

Je, wajua kwamba viziwi wa Marekani na wa Uingereza hawaelewani kwa alama, ingawa wote huandika Kiingereza? Alama za Marekani zina undugu na za Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, alishiriki kufungua shule ya Hartford mwaka 1817.

Je, wajua kwamba watoto viziwi wa Nikaragua walijiundia lugha nzima? Mwaka 1977 ilifunguliwa shule mjini Managua, na watoto waliokuwa kila mmoja peke yake nyumbani wakakutana. Darasani walifundishwa kusema Kihispania na kusoma midomo, bila mafanikio makubwa. Uwanjani na ndani ya basi walichanganya ishara za nyumbani kwao hadi zikaeleweka na wote. Wadogo waliowafuata ndio walioziongezea sarufi ambayo wakubwa wao hawakuwa nayo. Wataalamu wa isimu walipofika miaka ya 1980, lugha ilikuwa inazaliwa mbele ya macho yao. Hakuna mtu mzima aliyeifundisha.

Je, wajua kwamba hata vichanga hubwabwaja kwa mikono? Utafiti wa mwaka 1991 uliwaona watoto viziwi, waliozungukwa na alama tangu kuzaliwa, wakirudiarudia vipande vya alama kama wenzao wanaosikia wanavyorudia "ba-ba-ba".

Na huku Afrika je? Shule ya kwanza ya viziwi Tanganyika ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Kwingineko Afrika alipita Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi. Alianzia Ghana mwaka 1957, akaanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali, na akafariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja lugha ya alama kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza? Uganda nayo ilishaitaja lugha ya viziwi katika katiba yake ya 1995. Mwaka huohuo wa 2010, mkutano wa walimu wa viziwi huko Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio ya Milan. Miaka 130 baadaye!

La mwisho, kwa wazazi. Huko Marekani, zaidi ya watoto viziwi 9 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao wengi wao hawajui alama hata moja. Mwanao akigundulika kuwa kiziwi, mtafutie msaada wa kusikia na kusema kama upo, lakini usimwache akisubiri lugha. Kitafute chama cha viziwi kilicho karibu, CHAVITA kama uko Tanzania, mjifunze alama nyumba nzima, bibi na babu wakiwemo.