Kiolezo cha Gitaa la Umeme

Mwili wa gitaa la umeme mara nyingi ni ubao mzima, si sanduku. Mwaka 1950 Leo Fender alianza kuuza magitaa ya namna hii huko California, Marekani. Shingo ilifungwa kwa skrubu 4. Ikiharibika, iliondolewa ikatiwa nyingine. Hilo haliwezekani kama kila mwili una kipimo chake. Ndiyo maana fundi huanza na kiolezo.

Chukua plaiwudi ya milimita 12. Piga mstari wa katikati, na vipimo vyote vianzie hapo. Kata umbo kwa msumeno, kisha lainisha ukingo kwa tupa na msasa. Upitishe kidole. Ukigusa kibonyeo, kizibe. Mashine ya kuchongea ina gurudumu dogo linalofuata ukingo huo, na kisu chake hunakili kila kosa.

Kazi kubwa ni nafasi ya shingo. Ikilegea, shingo huyumba na nyuzi huenda upande. Basi ijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao hafifu, maana mbao nzuri ni ghali. Shingo iingie kwa kusukumwa na mkono, bila nyundo. Ikikubali, funga kiolezo juu ya ubao wenyewe. Tundu za skrubu ziwe mahali patakapofunikwa na bamba.