Siste, Dera!

Ilikuwa Ijumaa ngware. Nilikuwa nimedunga dera mpya ju jioni tulikuwa na sherehe kwa kina beshte yangu. Nikachukua nduthi pale Mutindwa, naishia Indaa kwa wera. Tukakata Buru, tukatokea Jogoo Road, jamu imesimama vile husimama, na dere wangu akaanza kupenya katikati ya mathree. Mkono mmoja nimekumbatia begi, mwingine umeshika chuma ya nyuma. Dera nilikuwa nimeikalia, ama hivyo ndio nilidhani.

Nyuma yetu kulikuwa na mse amepakia mayai. Trei zilikuwa zimepandana hadi zinampita urefu, zimekazwa na mipira ya tyubu iliyokatwa. Mse wa mayai huwa hana haraka. Bampu anaipanda pole pole, ka mathe amebeba mtoi amelala. Lakini huyu nilimskia akipiga honi bila kuachilia, nikageuka, nikaona ameongeza mafuta, anatufuata kwa ule upenyo wa katikati ya ndai. Akafika kando yetu, akainua kioo ya helmeti, akapiga nduru: "Siste, dera!"

Dere wangu akashika breki hapo hapo. Kuangalia chini, pindo ya dera ilikuwa imeshafika kwa cheni. Ilikuwa imejaa grisi nyeusi na imeraruka, ka upana wa vidole viwili. Nikainua kichwa nimwambie asante, lakini mse wa mayai alikuwa ashaingia mbele. Nilichoona ni zile trei zikiyumba zikielekea City Stadi.

"Huyo amekuokolea mguu," dere akaniambia. Halafu akazima nduthi kando ya barabara akanionyesha vile dera hukunjwa: upande mmoja chini ya paja, upande mwingine katikati ya magoti, ncha unaifinya na begi. Hadi leo hivyo ndio mi hukaa.

Sura ya huyo mse siijui, na jina sijawahi jua. Lakini nilishinda siku yote nikifikiria zile mayai. Bampu moja tu angeipanda vibaya, biashara ya siku yake ingemwagika kwa lami. Aliweka hiyo yote kando ju ya mguu ya manzi hamjui.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikiskiza barabara, na nimegundua wase wa nduthi wako na lugha yao ya kuchungana. Ni lugha ya neno moja. "Stendi!" inamaanisha umesahau kukunja stendi, na ukilala kona ya kushoto itagonga lami ikuangushe. "Begi!" inamaanisha zipu iko wazi na vitu zako zinataka kutembea. "Leso!" ni ya mathe amebeba mtoi mgongoni na kitambaa imeanza kuteleza. Kuna zingine hazina hata sauti. Mse akikupita akifungua na kufunga vidole, anakuambia indiketa yako bado inawaka na wenye wako nyuma wanadhani unakata kona. Mwenye anakuja upande ule mwingine akiwasha taa mara mbili, jua mbele kuna kitu: ajali, mafuta imemwagika, ama ng'ombe wamevamia lami. Sekunde tatu na kila mtu anaendelea na njia yake. Hakuna mwenye huuliza wewe ni wa mtaa gani ama kabila gani kabla akwambie stendi iko chini.

Kuna ile nyingine lazima umeona, hata ka wewe ni mse wa mathree. Nduthi imeishiwa mafuta katikati ya Outering, dere anaisukuma na miguu jua likimwakia. Mse mwingine hamjui anapunguza, anakuja nyuma yake, ananyoosha mguu, anaweka kiatu kwa kikanyagio ya mwenzake, na anaongeza mafuta. Nduthi mbili zinasonga pamoja, moja ikiwa imezima, mguu mmoja ukiwa ndio kamba. Nimewahi kuwa abiria kwa hiyo nduthi ya nyuma. Niliona goti ya dere wangu ikitetemeka ju ya uzito, na mara mbili akabadilisha pozi bila kutoa mguu. Tulisukuma jamaa hadi petroli steshoni. Akataka kutoa soo, dere wangu akakataa. "Leo ni wewe, kesho ni mimi," akasema, tukaishia. Nikamuuliza ka anamjua. Akaniambia hapana, lakini wiki iliyopita yeye pia alisukumwa hivyo na mse mwenye hajawahi muona tena.

Hapo ndio nilielewa vile hii deni inafanya kazi. Lami haikupi nafasi ya kumlipa mwenye alikusaidia. Ashapotea na jamu. Kwa hivyo unamlipa mwenye utampata mbele, na huyo naye atalipa mwingine. Yule mse wa mayai simdai na hanidai, lakini nikiona dera ya manzi mwingine inapepea, hiyo ni deni yangu imefika.

Ukiangalia vizuri, hii kazi ya nduthi yenyewe ilizaliwa kwa kubeba wageni. Jina boda boda lilitoka huko Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, wakati wase wa baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo yao kutoka upande mmoja wa boda hadi ule mwingine. Baadaye ikaja pikipiki, na gava ilipotoa ushuru kwa zile za injini ndogo mwaka wa 2008, zikajaa kila mtaa na kila kijiji. Vijana wengi wakapata kazi. Mathe wa ocha mwenye alikuwa anatembea masaa kufika zahanati akapata njia ya kufika. Mimi mtu wa Umo nikapata njia ya kufika wera bila kulala kwa jamu.

Najua kuna upande mwingine na sitauficha. Machi 2022, video ya manzi akinyanyaswa na kundi la wase wa nduthi pale Forest Road ilizunguka nchi yote, na gava ikaamuru msako. Mimi ni manzi na mi hupanda nduthi kila siku. Nilipoiona ile video nilikaa wiki nzima nikitembea hadi steji ya mathree. Hofu ilikuwa ya ukweli na hasira ilikuwa ya haki. Wodi za mifupa kwa mahosi zetu pia zina ushahidi wao: watu wengi wamelala huko ju ya mwendo wa kasi na helmeti zenye zilibaki zimening'inia kwa kioo ya pembeni.

Lakini ndio sababu hizi vitu ndogo za kuchungana ni muhimu. Barabara haitengenezwi na sheria peke yake. Sheria za 2015 zilisema dere awe na helmeti na jaketi ya rifleta ya abiria, na asibebe zaidi ya abiria mmoja. Ni sheria poa. Lakini karao hawezi kuwa kila kona, na hakuna karao ataona pindo ya dera yako ikikaribia cheni. Mwenye ataona ni mse mwenye yuko nyuma yako. Akiwa ni mtu wa kujali, unafika. Akinyamaza, ni ngori.

Na sisi abiria tuko na yetu. Kwanza, wachana na ile "kimbiza, nimechelewa." Dere akiskia hivyo atakimbiza, ju anaogopa utamwacha wakati mwingine. Mimi siku hizi nikikaa tu namwambia, "Pole pole buda, tutafika," na mara nyingi naona mabega yake yakishuka. Pili, vaa helmeti bila kubishana. Ka unaogopa jasho ya kichwa ya mwenye alikuwa ameivaa, beba kitambaa kwa begi ufunge nywele kwanza. Tatu, lipa kabla uingie geti. Kuna wase huambia dere "natuma sahi," wakifika kwa keja simu inazimwa. Huyo dere ametoka ngware, mafuta ameweka na Fuliza, na nduthi pengine ni ya mtu mwingine anangoja hesabu yake jioni.

Na ikitokea dere ndio amekusaidia, rudisha mkono. Wakati mmoja nilitaka kutuma rwabe kwa M-Pesa, nikabonyeza sifuri moja zaidi, ikaenda thao mbili. Nilishtukia nikiwa kwa lifti ya kazini. Nikapiga simu nikiwa nimeshakata tamaa. Dere akaniambia, "Nimeiona, nilikuwa natafuta mahali nisimamishe nduthi ndio nikutumie." Baada ya dakika chache thao moja na mia nane ikaingia. Nilipomwambia abaki na kitu kidogo ya chai, akasema nimtafutie kastoma badala yake. Namba yake iko kwa simu yangu hadi leo, na nimempea watu watatu wa ofisi.

Mvua ikinyesha pia utaona hii kuchungana. Aprili mawingu yakifunguka, nduthi zote zinakimbilia kibanda ya petroli steshoni ka kuku. Mnasimama hapo wageni watupu, maji inatiririka kwa helmeti. Mse wa njugu anapitisha, mmoja ananunua ya ashu mbili, anafungua karatasi, na mkono wa kila mtu unaingia. Dere anakunja jaketi yake anafunika mtoi wa shule mwenye ametoka na swela nyepesi. Mvua ikipungua kila mtu anapanda yake, na hamtawahi patana tena.

Kwa hivyo kesho ukidandia nduthi, inua macho kutoka kwa simu. Angalia nduthi ya mbele yako na ile ya kando. Ukiona stendi iko chini, piga nduru. Ukiona begi iko wazi, piga nduru. Ukiona leso ya mathe inateleza, mwambie dere wako apige honi na umfikie. Usiogope kuonekana ka mtu wa kelele, ju kuna manzi wa Umo anatembea na miguu zote mbili kwa sababu mse wa mayai hakunyamaza.