Barakoa ya mashine na tiba ya kifua huenda pamoja
Moshi wa kuni, sigara na kifua kikuu cha zamani vimewaachia baadhi ya wakazi wa Kilifi mapafu dhaifu. Pumzi ikibana sana, daktari anaweza kumvisha mgonjwa barakoa ya mashine inayosukuma hewa hadi mapafuni bila mrija kooni. Jamaa wakiiona hudhani mambo yamekwisha. Sivyo, inaipumzisha misuli ya kifua.

Ila mashine haitoi makohozi. Hapo huingia mtaalamu wa fiziotherapia: humketisha mgonjwa wima, humfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, kisha humtembeza taratibu. Aliyechoka kupumua huyamudu mazoezi hayo vizuri zaidi akisaidiwa na mashine.

Jamaa wasilegeze mikanda wala kumlisha akiwa ameivaa. Akihisi kutapika, muuguzi aitwe mara moja, kwani matapishi yanaweza kuingia mapafuni.