Maji Yasiyofika Baharini: Vijito vya Ihanja na Afya ya Watumiaji Wake

Katika kata ya Ihanja, Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, kijito huwa mto kwa miezi michache tu ya mwaka. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, na ifikapo mwisho wa Aprili huwa zimekwisha. Katika kipindi hicho maji hushuka kwa kasi kutoka kwenye miinuko ya mawe, hujaza makorongo na kutuama katika mbuga za udongo mweusi. Kiangazi kikishika, hubaki mkanda wa mchanga, madimbwi ya hapa na pale, na visima vifupi ambavyo wananchi huvichimba katikati ya mchanga ili kuyafuata maji yaliyojificha chini. Mhudumu wa afya katika mazingira haya hana budi kujua maji hayo yanatoka wapi na yanaelekea wapi, kwa kuwa baadhi ya maradhi anayoyatibu hufuata mkondo huo huo.

Upande wa magharibi wa Ikungi ardhi hushuka polepole kuelekea mbuga pana za Wembere, zilizo kati ya mikoa ya Singida na Tabora. Mto Wembere huelekea kaskazini, na maji yake hukutana na yale ya Mto Manonga yanayotoka upande wa Igunga, kisha huingia Ziwa Kitangiri. Kutoka hapo Mto Sibiti huyachukua maji hadi Ziwa Eyasi, katika Bonde la Ufa. Safari huishia hapo, kwa sababu hakuna mto unaotoka Eyasi. Mito ya Rufiji, Wami na Pangani humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, lakini maji ya Wembere hayafiki bahari yoyote. Ndiyo sababu eneo hili limo katika Bonde la Kati, mojawapo ya mabonde tisa ya maji ya Tanzania.

Umbile hilo lina athari kubwa. Jua linapokausha ziwa lisilo na mlango, huondoa maji peke yake. Chumvi na madini hubaki na kuongezeka mwaka hadi mwaka. Maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo mjini Singida yana maji ya chumvi kwa sababu hiyo hiyo. Chini ya ardhi nako maji hukaa muda mrefu yakigusana na miamba, na katika sehemu nyingi za kanda ya kati huyeyusha madini ya floridi.

Floridi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi hudhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa maji yanayozidi kiwango hicho wakati meno yake ya kudumu yanajengeka, yaani katika miaka minane ya mwanzo, huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Floridi haina rangi, harufu wala ladha ya kuitambulisha. Kisima kirefu chenye maji maangavu huweza kuwa nayo nyingi kuliko kidimbwi cha tope.

Hapa ndipo ushauri wa kawaida wa kuchemsha maji unapohitaji nyongeza. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, na ni lazima kuendelea. Hata hivyo, hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Tiba yake ni kupima chanzo katika maabara ya maji, kisha kuchagua chanzo kingine kwa ajili ya watoto. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi, baada ya kuacha yale ya mwanzo yapite, huwa na floridi kidogo mno. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha. Familia pia zishauriwe kupunguza magadi katika mboga na maharage, kwani baadhi ya magadi yana floridi nyingi.

Madimbwi na malambo yana hatari ya namna nyingine. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho cha mkojo huweza kujificha katika tope kavu wakati wa kiangazi, wakaamka mvua zinaporudi. Mtoto anayechunga ng'ombe na kuoga lamboni, au mkulima wa mpunga anayesimama majini, huambukizwa kupitia ngozi. Damu katika mkojo si dalili ya kukua kwa mvulana, na kwa mwanamke si lazima iwe ugonjwa wa zinaa. Mgonjwa apimwe na kupewa prazikwanteli, kwani kichocho kisichotibiwa huharibu kibofu na viungo vya uzazi.

Visima vya mchangani navyo vina faida yake, kwa kuwa mchanga huchuja tope na sehemu ya uchafu. Faida hiyo hupotea ng'ombe wanaponyweshwa kwenye shimo lile lile, au choo kinapochimbwa ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na korongo kavu ni mto pia.

Kwa hiyo, katika zahanati za ukanda huu, swali "Unakunywa maji gani?" halitoshi. Mgonjwa aulizwe anachota wapi masika, anachota wapi kiangazi, na watoto wake huogelea wapi. Majibu hayo matatu yataonyesha kipimo kipi kianze.