Merikebu Iliyopita Morogoro kwa Gari la Moshi

Sisi tukaao chini ya milima ya Uluguru hatuna bahari wala ziwa kuu. Hata hivyo iko merikebu iliyopita hapa Morogoro, si kwa maji, bali kwa gari la moshi. Leo twataka kueleza habari zake, na sababu ya kudumu kwake.

Merikebu hiyo ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya maji ya kuifikisha ziwani, mafundi waliifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku yapata 5,000. Masanduku hayo yakaja kwa bahari hata Dar es Salaam, kisha yakapakiwa katika reli ya kati. Reli hiyo ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Huko Kigoma vipande vikaungwa tena, na tarehe 5 Februari 1915 merikebu ikashushwa majini. Urefu wake wapata meta 70.

Wakati huo vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha anza. Mwaka 1916 Wajerumani waliona ya kuwa Kigoma itatekwa, wakaazimu kuizamisha merikebu ili adui asiitwae. Lakini angalieni walivyofanya mafundi kwanza: walizipaka mashine grisi nyingi, ili maji yasizile. Kisha, tarehe 26 Julai, wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Walitumaini kurudi kuichukua, hawakurudi.

Baada ya vita Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa mara ya pili, wakaona ya kuwa ile grisi imefanya kazi yake: injini zilikuwa zingali zafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe.

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli. Hilo ni hasara kwa wapendao mambo ya kale; lakini bila hilo huenda merikebu yenyewe ingalikuwa chuma chakavu. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbia Zaire. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ikawafikisha Kigoma.

Basi tusidhani ya kuwa kuhifadhi ni kufungia kitu kabatini. Liemba ilidumu kwa kutumiwa na kutunzwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale mafundi waliziba ufa siku ya kushindwa kwao, na kazi yao ikawafaa watu wasiowajua. Nasi tulio na baiskeli, cherehani au mashine ya kusaga, tusingoje mpaka iharibike ndipo tutafute mafuta.