Mwanafunzi Mgeni Tabora: Kuujua Mji ni Sehemu ya Kujifunza Tiba

Vyuo vikuu vya tiba vimezoea kubadilishana wanafunzi. Kijana wa mwaka wa nne au wa tano huiacha hospitali aliyoizoea, akaenda kukaa wiki kadhaa katika hospitali ya nchi nyingine, na mwenzake wa huko akaja kwetu. Kabla ya safari huelezwa chanjo anazohitaji, dawa za kujikinga na malaria, saa za kuingia wodini na mavazi yanayofaa. Kuhusu mji anaokwenda kuishi huambiwa machache, kana kwamba masoko, nyumba, vyakula na salamu za watu ni mambo ya kutazamwa siku ya Jumapili, kazi ikiisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Mgeni asiyejua watu wanalala wapi, wanakula nini na wanafanya kazi gani hukosa maswali ya kumuuliza mgonjwa, na swali lisiloulizwa laweza kugharimu maisha. Mfano wetu ni Tabora.

Mji wa njia panda

Tabora ilikuzwa na misafara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipiga kambi Unyanyembe, katika nchi ya Wanyamwezi, na Burton na Speke walipofika mwezi Novemba 1857 walikuta tayari kituo kikubwa cha biashara. Hapa ndipo njia kuu kutoka Bagamoyo ilipogawanyika: tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, jingine kusini-magharibi kuelekea Karema na Ufipa. Pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani walipitishwa hapa. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi, na utani wao na Wazaramo, Wazigua na Wagogo unakumbusha safari hizo hata leo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa masafa marefu ukafifia.

Kilomita chache kutoka mjini ipo Kwihara, mahali alipokaa Dkt. David Livingstone mwaka 1872, tangu Februari hadi Agosti, akisubiri wapagazi. Nyumba ya tembe iliyojengwa upya mahali hapo ni makumbusho. Mwanafunzi wa tiba akiitembelea, asiishie kusoma maelezo yaliyobandikwa. Atazame pia kuta za udongo, sakafu na giza la ndani, kwa sababu tutakavyoona, nyumba yenyewe ina somo la tiba.

Aliyesomea Malta, akakaa Karema

Katika njia hiyo alipita mwanafunzi mmoja anayestahili kukumbukwa na kila anayejifunza ugenini. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa utotoni, akavushwa Sahara na kuuzwa, hadi wamisionari wa White Fathers walipomkomboa nchini Algeria. Mwaka 1881 alipelekwa Malta kusomea utabibu, katika mpango wa Kardinali Lavigerie wa kuandaa madaktari Waafrika watakaofanya kazi barani. Alisoma miaka saba. Mwaka 1888 alisafiri hadi Zanzibar, akaingia bara kwa njia ya misafara, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mtu huyu alikuwa mgeni mara mbili. Malta alikuwa Mwafrika miongoni mwa Wazungu. Karema alikuwa mtu wa Afrika Magharibi, mwenye lugha na malezi mengine, miongoni mwa watu ambao rangi yake pekee isingewafanya wamwone ndugu. Alichagua kuishi nao. Alioa hapo hapo, mwanawe Joseph akawa padre mwaka 1923, naye mwenyewe aliendelea kutibu hadi uzee. Alifariki mwaka 1956, baada ya kukaa Karema miaka 67. Mwanafunzi wa leo hana miaka 67. Pengine ana wiki sita. Lakini analoweza kuiga ni mpangilio wa mambo: kuishi na watu ni sehemu ya kazi ya tabibu tangu siku ya kwanza.

Salamu na majina ya maradhi

Jambo la kwanza ni lugha. Tabora ni mji wa Kiswahili, lakini bibi aliyetoka kijijini akisalimiwa asubuhi kwa “Mwangaluka” husikia kwamba daktari huyu amejitahidi kumfikia. Salamu haichukui dakika moja, nayo hufungua maelezo ambayo kipimo hakiwezi kuyatoa.

Baada ya salamu, mgeni ajifunze majina ya maradhi kama watu wanavyoyatumia. Neno “degedege” ni mfano mzuri. Kwa daktari ni mtukutiko wa mwili, ambao kwa mtoto mwenye homa waweza kuwa dalili ya malaria kali. Kwa wazazi wengine katika nchi yetu ni ugonjwa mwingine kabisa usiohusiana na malaria, na wako wanaoamini kuwa sindano itamdhuru mtoto aliye katika hali hiyo. Mzazi wa namna hiyo hajampuuza mtoto wake. Amefuata maana anayoijua. Mwanafunzi akimkemea, mama atanyamaza. Akimuuliza kwa upole, “Mama, mlipoona hivyo mlianzia wapi?”, atajua dawa alizopewa mtoto na saa zilizopotea, na atapata nafasi ya kueleza kwa nini mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali mara moja.

Mgonjwa analala wapi?

Sasa turudi kwenye nyumba ya udongo. Katika nyufa za kuta na sakafu za nyumba kama hizo huweza kukaa papasi, mdudu wa jamii ya kupe. Hutoka usiku, humng’ata aliyelala kwa muda mfupi bila maumivu makubwa, kisha hurudi mafichoni, hata asubuhi mtu asijue aliumwa. Papasi aliyeambukizwa huingiza mwilini vijidudu vyenye umbo la msokoto viitwavyo Borrelia, na mtu hupata homa ya papasi: homa kali, kichwa na viungo kuuma, nafuu ya siku kadhaa, kisha homa kurudi.

Ugonjwa huu una historia katika njia za misafara. Mwaka 1905 Robert Koch, akifanya utafiti katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kuwa papasi hurithisha vijidudu hivyo kwa kizazi chake kupitia mayai, na akashauri wasafiri wasilale katika vibanda vya zamani vya njiani. Mwaka huo huo, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, daktari Mwingereza Everett Dutton na mwenzake John Todd walikuwa wakiuchunguza ugonjwa huo Kongo. Dutton aliugua homa hiyo hiyo, akafariki Kasongo mwezi Februari 1905.

Kwa mhudumu wa afya wa leo hatari ni kwamba homa ya papasi hufanana sana na malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta malaria peke yake. Kikitoa jibu la hapana, hakijasema lolote kuhusu papasi. Anayejua jinsi watu wanavyoishi atauliza: Nyumba yako ni ya namna gani? Unalala kitandani au sakafuni? Ulilala ugenini hivi karibuni? Wapo wengine nyumbani wenye homa inayorudi? Kisha ataomba damu itazamwe kwa hadubini, hasa wakati homa ipo juu. Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wajawazito na watoto wadogo, kwani homa ya papasi yaweza kusababisha mimba kuharibika au kifo cha mtoto mchanga. Dawa zake zipo. Hata hivyo, dozi ya kwanza yaweza kufuatwa na kutetemeka, homa kupanda na shinikizo la damu kushuka, hivyo mgonjwa aangaliwe kituoni kwa saa kadhaa, wala asijinunulie dawa dukani.

Chakula na kazi

Sokoni Tabora mgeni atakuta asali ya misitu ya miombo, karanga, uyoga wakati wa mvua, na viazi vitamu vilivyokaushwa: michembe iliyokatwa na kuanikwa mibichi, na matobolwa yaliyochemshwa kwanza. Anayemshauri mgonjwa wa kisukari “apunguze mkate” wakati mgonjwa hali mkate, hajamshauri kitu. Inafaa aambiwe kwamba kiazi kikikaushwa hupoteza maji, lakini wanga hubaki, kwa hiyo konzi moja ya michembe ina wanga mwingi kuliko kiazi kibichi cha uzito ule ule. Aambiwe pia kwamba asali, ingawa ni ya asili, hupandisha sukari ya damu. Na wazazi wakumbushwe kuwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Vivyo hivyo kazi. Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya tumbaku. Mkulima anayechuma majani yaliyolowa umande au mvua hupata nikotini kupitia ngozi, akapatwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuishiwa nguvu. Asiyejua msimu wa kuchuma ataita hali hiyo malaria au tumbo la kawaida. Anayeujua atamshauri mkulima asubiri umande ukauke, avae glavu na nguo ndefu, abadili nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni, na asiwatume watoto wala wajawazito kuchuma. Atamuuliza pia kuhusu moshi wa kuni katika mabani ya kukaushia, iwapo analalamika kifua.

Mgonjwa ni mwalimu

Ndugu msomaji uliye mgonjwa, nawe una nafasi katika mafunzo haya. Una haki ya kujua kama anayekupima ni mwanafunzi, ya kuuliza msimamizi wake ni nani, na ya kukataa bila kunyimwa huduma. Ukikubali, mweleze kwa maneno yako mwenyewe: unalala wapi, umekula nini, umetumia dawa gani, pamoja na za kienyeji. Usifiche kwa kudhani mgeni atakudharau.

Nasi tunaowasimamia wanafunzi hawa tuwape juma la kwanza wafuatane na mhudumu wa afya ngazi ya jamii: sokoni, mashambani, na nyumbani kwa wagonjwa walioridhia kutembelewa. Wakirudi wodini tuwaulize maswali matatu kuhusu kila mgonjwa kabla ya kugusa majibu ya maabara: analala wapi, anakula nini, anafanya kazi gani? Maswali hayo yanawafaa pia wahudumu wenyeji waliohamishwa kutoka mikoa mingine, kwani mtu aweza kuwa mgeni hata ndani ya nchi yake.